Diski za kompyuta katika studio ya video: fedha iwekwe wapi kwanza

Biashara ya video za harusi, sendofu, mikutano na matangazo madogo ni moja ya vitega uchumi ambavyo mtu mwenye mtaji wa kadiri anaweza kuvianzisha bila kujenga kiwanda. Anahitaji kamera, taa, vijana wawili watatu wenye ujuzi, chumba na kompyuta. Wawekezaji wengi huchagua kamera kwa makini, kwa sababu kamera huonekana ukumbini na mteja huipima studio kwa ukubwa wake. Kompyuta hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyobaki, na ndani ya kompyuta hiyo kifaa kinachofikiriwa mwisho kabisa ni diski.

Matokeo yake yanafahamika. Kazi iliyoahidiwa kwa wiki mbili hutoka baada ya mwezi na nusu. Mteja hupiga simu kila siku, na salio la malipo halilipwi mpaka kazi itoke. Kwa lugha ya uhasibu, mtaji umelala katika kazi ambayo haijakamilika, huku kodi ya chumba na mishahara ikiendelea. Mwenye studio akiulizwa sababu, hujibu kwamba kompyuta ni nzito na anatafuta fedha ya kununua nyingine. Mara nyingi hahitaji nyingine. Anahitaji kujua kazi inakwama wapi, kisha apange upya diski alizonazo na kununua moja au mbili zinazofaa.

Wiki hii safu yetu ya mafunzo inaeleza jambo hilo kwa hesabu, kwa faida ya wenye studio, wanaofikiria kuweka fedha humo, na wenye maduka ya vifaa vya kompyuta ambao ndio wanaoulizwa ushauri na wateja kila siku.

Megabiti si megabaiti

Kabla ya kununua chochote, msomaji atofautishe vipimo viwili vinavyochanganywa sana dukani. Kamera hueleza wingi wa picha inazorekodi kwa megabiti kwa sekunde. Diski hueleza kasi yake kwa megabaiti kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, hivyo kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa kamera nyingi za 4K, huleta megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. Kwa saa moja hizo ni gigabaiti 45.

Sasa tazama upande wa diski. Diski ngumu ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, ikiwa nzima na ikisoma faili moja kubwa bila kukatizwa, hutoa kati ya megabaiti 150 na 250 kwa sekunde. SSD ya waya wa SATA hutoa kama megabaiti 550. SSD ya aina ya NVMe, ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, hufika megabaiti 3,500 katika kizazi cha tatu cha PCIe na kama 7,000 katika kizazi cha nne.

Ukiziweka namba hizi pamoja utajiuliza: kama kamera inahitaji 12.5 na diski ya zamani inatoa 150, mbona picha zinakatakata wakati wa kuhariri? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha mnunuzi mwenye hesabu na anayenunua kwa kuambiwa.

Diski ya sahani hupoteza muda njiani

Sahani za diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kichwa cha kusomea kikitaka kipande fulani cha faili, kwanza kisogee mpaka kwenye mstari wake, kazi inayochukua kama milisekunde 9, halafu kisubiri kipande hicho kizunguke na kufika chini yake, kwa wastani nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2. Jumla ni milisekunde 13 kabla hata herufi moja haijasomwa.

Mhariri anayefanya kazi ya kamera moja haoni tatizo, kwa kuwa kichwa kinasoma kikiwa mahali pamoja. Lakini harusi siku hizi hurekodiwa kwa kamera tatu, na mhariri huzicheza zote pamoja ili achague. Hapo kichwa kinaruka kutoka faili la kwanza kwenda la pili, kwenda la tatu, na kurudi. Tuseme kila kikifika kinasoma megabaiti 1 kabla ya kuruka tena. Kusoma kwenyewe ni milisekunde 7 kwa kasi ya megabaiti 150, kuruka ni milisekunde 13, jumla 20. Diski iliyouzwa kama ya megabaiti 150 sasa inatoa 50. Kikisoma robo ya megabaiti tu kila kinapofika, inatoa kama 17. Kamera tatu zinahitaji 37.5. Kwa hiyo siku nyingine picha zitapita vizuri na siku nyingine zitakwama, na fundi ataambiwa kompyuta ina virusi.

SSD haina sahani wala kichwa. Kuruka kutoka faili moja kwenda jingine huichukua sehemu ndogo sana ya milisekunde. Hii ndiyo faida yake kubwa kwa mhariri kuliko ile namba ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Jambo hilo hilo laonyesha kosa moja linalorudiwa sana: kuigawa diski moja ya sahani kuwa C, D na E, kuweka programu kwenye C, video kwenye D na faili za muda kwenye E, kisha kuamini kwamba kazi zimetenganishwa. Kwenye kidirisha cha kompyuta ni diski tatu. Ndani ya kasha ni kichwa kile kile, na sasa kinasafiri mbali zaidi kuliko mwanzo. Ugawaji huo unafaa kwa kupanga nyaraka za ofisi. Kwa video ni hasara.

Pima kwanza, nunua baadaye

Si kila kukwama kunatokana na diski, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Picha za kamera nyingi hufungwa kwa kodeki ya H.264 au ile iliyoifuata, H.265. Kodeki hizi huokoa nafasi kwa kutorekodi kila picha kikamilifu. Picha moja kamili hurekodiwa, na zinazofuata hueleza tu kilichobadilika. Kompyuta ikitaka kuonyesha picha ya katikati lazima izikokotoe na za jirani yake. Kazi hiyo ni ya prosesa na kadi ya picha, diski haihusiki. Mtu mwenye prosesa dhaifu akinunua NVMe ya bei kubwa kabisa atabaki pale pale alipokuwa, ila akiwa na deni.

Kipimo ni cha bure. Katika Windows fungua Task Manager, upande unaoonyesha utendaji, kisha cheza kazi inayokwama. Ukiona diski imefika asilimia 100 huku prosesa ikiwa asilimia 40, tatizo ni diski. Ukiona prosesa imefika 100 na diski iko asilimia 5, mwache muuza diski aende zake.

Kwa aliyekutwa na tatizo la prosesa kuna njia isiyo na gharama kubwa. Adobe Premiere Pro na DaVinci Resolve zote huweza kutengeneza nakala nyepesi za video, zile wahariri wanazoziita proksi. Mhariri hufanya kazi yote kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi iliyokamilika programu huzirudia video halisi zenyewe. Nakala ya ProRes Proxy yenye ukubwa wa 1080 kwa picha 30 kwa sekunde ni megabiti 45 tu, na kila picha yake inajitegemea, hivyo prosesa hupumua. Kompyuta iachwe usiku itengeneze nakala, asubuhi mhariri aanze kazi.

Wapo wanaochagua kubadilisha video zote ziwe ProRes 422 katika ukubwa wa 4K. Hapo prosesa hupata nafuu lakini mzigo unahamia kwenye diski: kwa picha 25 kwa sekunde ni megabiti 492, yaani megabaiti 61.5 kwa kamera moja na 184.5 kwa kamera tatu. Hakuna diski moja ya sahani itakayobeba hilo kwa uhakika. SSD ya SATA inalibeba na kubakiza zaidi ya nusu ya nguvu yake. NVMe ya megabaiti 7,000 inalibeba pia, lakini mhariri hataona tofauti kati ya hizo mbili wakati wa kucheza picha, na mwenye studio ndiye aliyelipia tofauti hiyo.

Kifaa cha bei ndogo kinachosahauliwa

Kabla ya diski yenyewe, tuangalie mlango wa kuingilia. Studio nyingi bado hunakili kadi za kamera kupitia rida ya USB 2.0, ile iliyokuja bure na kifaa kingine. USB 2.0 hutangazwa kuwa megabiti 480, lakini kwa kazi halisi hutoa megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Kadi zenye jumla ya gigabaiti 256 zitachukua saa 2 na dakika 2. Zikisomwa kwa rida ya USB 3.0, kadi nyingi za SD za kiwango cha UHS-I husomwa kwa kama megabaiti 90, na kazi ile ile huisha kwa dakika 47.

Tofauti ni saa moja na robo kwa kila shughuli. Tuseme studio ina shughuli nane kwa mwezi na mhariri hulipwa shilingi 30,000 kwa siku ya saa nane. Saa kumi zilizopotea ni shilingi 37,500 kwa mwezi na 450,000 kwa mwaka, bila kuhesabu umeme. Msomaji aweke namba zake mwenyewe. Sidhani kama kuna kifaa kingine katika studio ambacho fedha yake hurudi upesi kiasi hicho. Ila rida ichomekwe kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani. Rida mpya kwenye tundu la zamani ni sawa na kutobadilisha chochote.

Mpangilio wa diski

Mpangilio unaopendekezwa kwa studio ndogo ni kutenganisha kazi nne ambazo kompyuta huzifanya kwa wakati mmoja: kuendesha Windows na programu, kusoma video za kamera, kuandika na kusoma faili za muda, na kutoa kazi iliyokamilika.

Mwenye fedha ya SSD moja tu aiweke Windows na programu humo, pamoja na faili za muda, na video zikae kwenye diski ya sahani yenye nafasi ya kutosha, zikisindikizwa na nakala nyepesi zilizowekwa kwenye SSD. Akipata SSD ya pili, hiyo iwe ya video za kazi zinazoendelea, na diski ya sahani iwe ghala na mahali pa kutolea kazi. SSD ya tatu kwa ajili ya faili za muda peke yake ni nzuri, lakini kwa studio ya mtu mmoja ningeiahirisha na fedha hiyo ningeinunulia UPS.

Faili za muda zinahitaji maelezo. Programu za kuhariri hutengeneza maelfu ya faili ndogo za sauti, mawimbi na vipande vilivyokwisha kukokotolewa. Premiere Pro, isipobadilishwa, huziweka kwenye diski ya C ndani ya folda ambayo mtumiaji wa kawaida haioni. Baada ya miezi kadhaa C inajaa, Windows inakosa pumzi, na mwenye studio anaambiwa anunue diski kubwa zaidi. Mahali hapo pabadilishwe kwenye mipangilio ya programu, upande wa faili za muda, na programu iruhusiwe kufuta za zamani yenyewe. DaVinci Resolve nayo ina sehemu ya kuchagua folda hizo katika mipangilio ya kila mradi.

Diski ya video za Windows ifomatiwe kwa NTFS, na kwa kuwa faili za video ni kubwa, ukubwa wa kipande uchaguliwe kilobaiti 64. Ya kupokezana na kompyuta za Apple iwe exFAT. FAT32 iepukwe kabisa, kwa sababu haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Diski ya sahani inaweza kupangwa upya vipande vyake mara moja moja. SSD haihitaji zoezi hilo, na kulifanya ni kuichosha bure.

Usiijaze diski yoyote. Diski ya sahani huanza kujaa upande wa nje wa sahani, ambako ndiko kasi yake ni kubwa, na inapokaribia kujaa husoma upande wa ndani ambako kasi hushuka hadi karibu nusu. SSD nayo huhitaji nafasi tupu ya kujipanga. Asilimia 15 hadi 20 ibaki wazi. Ni vigumu kumshawishi mtu aliyenunua diski kwa jasho lake aache sehemu yake wazi, lakini hata ghala la mahindi huachwa njia ya kupita.

Kuunganisha diski mbili, na hatari yake

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha hoja kwamba diski kadhaa za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali. Mpango huo uliitwa RAID, na leo kompyuta nyingi za kawaida zinaweza kuufanya bila kifaa cha ziada.

RAID 0 hukata kila faili vipande na kuvigawa katika diski mbili. Zote husoma kwa pamoja, na kasi hukaribia mara mbili. Mafundi huipenda kwa sababu mteja huona tofauti siku hiyo hiyo. Wasichomweleza ni kwamba ikifa diski moja, vipande vilivyo kwenye nyingine havina maana tena. Tuseme uwezekano wa diski moja kufa katika mwaka ni asilimia 3. Kwa diski mbili za RAID 0 uwezekano wa kupoteza kila kitu unakuwa asilimia 5.9, na kwa nne asilimia 11.5. Mfanyabiashara asingekubali bima ya namna hiyo.

RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski mbili. Kasi ya kuandika haiongezeki na nafasi inayotumika ni nusu ya iliyonunuliwa, lakini diski moja ikifa kazi inaendelea. Kuirejesha diski mpya ya terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa saba, na kwa saa hizo zote mwenye studio anategemea diski moja iliyobaki, ambayo pengine ilinunuliwa siku moja na iliyokufa. RAID 5 na RAID 10 huhitaji diski tatu au nne na zaidi, na zinafaa studio zenye wahariri kadhaa wanaochota video mahali pamoja.

Kwa kuwa SSD moja ya SATA hushinda diski mbili za sahani zilizounganishwa kwa RAID 0, sababu ya studio ndogo kuingia kwenye hatari hiyo imekwisha. Aliye na RAID 0 tayari aitumie kwa faili za muda tu, vitu ambavyo vikipotea programu inavitengeneza tena.

Harusi hairudiwi

Tunafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa linaloweza kuifunga studio. Tangazo la biashara likipotea linaweza kurekodiwa upya kwa hasara. Ndoa haifungwi mara ya pili kwa ajili ya kamera. Mzee aliyetoa baraka siku ile huenda hayupo tena. Hakuna fidia ya fedha inayolingana na hasara hiyo, na mteja aliyepoteza picha zake huwaeleza watu wote waliokuwa ukumbini, ambao ndio wateja wa mwakani.

RAID 1 haitoshi hapa. Mhariri akifuta folda kwa bahati mbaya, RAID hulifuta kwenye diski zote mbili kwa uaminifu mkubwa. Mwizi akibeba kompyuta, hubeba diski zote mbili. Virusi vinavyofunga faili na kudai fedha hufunga kote. Utaratibu unaofuatwa na wapiga picha duniani, ulioenezwa na mpiga picha Peter Krogh, ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Kwa studio ndogo tafsiri yake ni hii: video ziwe kwenye diski ya kazi, ziwe kwenye diski ya nje iliyochomolewa na kuwekwa kabatini, na nyingine iende nyumbani kwa mwenye studio. Kadi za kamera zisifutwe mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kuchezwa, si kuangaliwa majina tu.

Hesabu ya nafasi inatisha kidogo, ndiyo maana ifanywe mapema. Kamera tatu kwa saa nne kila moja ni saa 12, na kwa gigabaiti 45 kwa saa ni gigabaiti 540. Shughuli nne kwa mwezi ni terabaiti 2.16. Nakala za akiba mbili zinafikisha terabaiti 6.5 kwa mwezi. Hakuna studio ndogo itakayonunua diski kwa kasi hiyo milele, hivyo mkataba wa mteja useme video ghafi zitatunzwa kwa muda gani baada ya kukabidhiwa kazi, kwa mfano siku 90, na anayetaka zitunzwe zaidi alipie au alete diski yake. Kazi iliyokamilika ni ndogo na inaweza kutunzwa miaka. Ghala hili liwe la diski za sahani, ambazo kwa kila terabaiti ni nafuu kuliko SSD. SSD iliyozimwa na kuwekwa kabatini kwa miaka haifai kuaminiwa.

UPS tuliyoitaja hapo juu inaingia hapa. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili linalopotea si lazima liwe lile ulilokuwa ukilihariri. Linaweza kuwa orodha ya faili zote. UPS ya dakika kumi inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Kwa wauzaji na wanunuzi

Mteja anayerudi dukani Kariakoo au Luthuli Avenue akilalamika kwamba diski ya terabaiti 1 inaonyesha 931 hajaibiwa. Kiwanda huhesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja. Windows hugawanya kwa 1,024 badala ya 1,000. Muuzaji amweleze kabla hajalipa.

Aliyeibiwa ni yule aliyeuziwa diski ya nje ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani ya kasha hizo hukutwa kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa ili idanganye ukubwa wake. Faili za kwanza huingia vizuri, kisha zinazofuata huandikwa juu ya zilizotangulia. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Apple, hujaza diski nzima na kuisoma tena. Huchukua saa nyingi, lakini muuzaji anayeagiza mzigo mpya apime angalau sampuli kabla ya kulipa salio.

Diski zilizokwisha kutumika zipimwe kwa CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Diski yenye saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa. Yenye sehemu zilizohamishwa isinunuliwe kwa kazi ya video hata kwa nusu bei.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwenye boksi. Baadhi ya diski za sahani huandika mistari yake ikilaliana kama mabati, mbinu iitwayo SMR. Huongeza nafasi, lakini kuandika upya kwa wingi huwa polepole mno. Aprili 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za Western Digital za aina ya Red, zilizouzwa kwa ajili ya kuunganishwa RAID, zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuelezwa, na kampuni ikalazimika kutoa orodha. Kwa ghala diski za SMR zinavumilika; kwa kuhariri au RAID uliza mfano kamili na uthibitishe aina yake kwanza. SSD za bei ya chini zina ujanja unaofanana na huo: huandika kwa kasi gigabaiti za mwanzo, halafu eneo lile la haraka likijaa kasi huporomoka, mara nyingine chini ya diski ya sahani. Kipimo cha sekunde chache dukani hakilionyeshi hilo. Nakili faili la gigabaiti 100 utazame.

Bei nazo zina historia ya kuruka. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda, vikiwemo vya Western Digital, na bei za diski za sahani katika masoko mengi zikapanda sana kwa miezi. Mwaka 2021 sarafu ya kompyuta ya Chia, inayochimbwa kwa kutumia nafasi ya diski, ilifanya diski kubwa ziadimike. Mwenye studio hana sababu ya kuweka akiba ya diski kwa kubahatisha, kwa kuwa waranti huanza kuhesabika tangu siku ya ununuzi hata kama diski ingali ndani ya boksi. Muuzaji naye, anapoagiza, aandike namba ya kila diski kwenye risiti ya mteja, maana diski inayorudishwa kwa waranti si lazima iwe ile iliyotoka dukani kwake.